Wazazi wa Askari katika Ugogo: Habari za Kusaidiana Kusikokuwa na Jina

Makao makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa yako Chamwino, mwendo mfupi kutoka mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na tangu siku hizo wazazi wa pande zote za Tanzania wamezoea kuagana na vijana wao wakiwa na sanduku mkononi, wasijue watawaona tena lini wala katika hali gani. Jambo lililonivuta kuandika makala haya ni dogo, nalo ni la lugha. Kiswahili kina neno mjane kwa mke aliyefiwa na mumewe, kina yatima kwa mtoto aliyefiwa na wazazi wake. Lakini mzazi aliyefiwa na mwana hana jina lililo lake peke yake. Huitwa mfiwa, kama aitwavyo aliyefiwa na shangazi au na jirani. Na mzazi ambaye mwanawe yu hai lakini yu vitani, na habari zake hazijulikani, huyo hana hata jina la kuazima.

Mahali pasipo na jina mwanahistoria hupita bila ya kusimama. Katika mji wa Flint, Marekani, mwaka 1942 mama za askari walianzisha chama chao, wakakiita kwa jina la nyota ya bluu, kwa kuwa tangu vita vya mwaka 1917 jamaa za askari katika nchi hiyo walikuwa wakitundika dirishani bendera ndogo yenye nyota ya rangi hiyo kwa kila mwana aliye jeshini. Akifa, nyota hugeuzwa ya dhahabu. Katika Urusi mwaka 1989 mama za askari nao waliunda kamati yao, na kamati hiyo ilifikia hata kuwauliza wakuu wa jeshi maswali ambayo wengine hawakuthubutu kuyauliza. Vyama hivi vina tarehe, vina makatibu, vina madaftari. Kwa hiyo vina historia. Mimi mwenyewe nilipokuwa masomoni ng'ambo niliulizwa, bila ya nia mbaya, ni chama gani kwetu kilichowasaidia wazazi wa askari wa zamani. Nilijibu kwamba hapakuwa na chama. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini limenisumbua miaka mingi, kwa kuwa aliyeuliza alielewa kwamba hapakuwa na msaada.

Tanganyika haikukosa chama cha wazazi. Mwaka 1955 kiliundwa kile kilichojulikana kwa herufi za TAPA, ambacho baada ya kuzaliwa kwa CCM mwaka 1977 kilikuwa Jumuiya ya Wazazi. Lakini shughuli ya chama hicho ilikuwa shule: watoto wa Kiafrika walikosa nafasi za kusoma, na wazazi wakajenga madarasa. Mzazi alijitokeza hadharani kwa jina la mzazi wa mwanafunzi. Kwa jina la mzazi wa askari hakujitokeza, na sababu zake, kwa maoni yangu, zimo katika mambo yaliyompata Mgogo kati ya mwaka 1914 na 1920.

Kwanza yafaa tukumbuke maana ya kijana katika kaya ya Kigogo. Nchi hii ni kavu. Ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe yaweza kunyesha wiki mbili ikakatika wiki nne. Watu hulima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe ili mavuno yakikosekana pawe na kitu cha kubadilisha kwa nafaka. Wakati wa kiangazi maji huchimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka, nayo si kazi ya mzee. Kijana akiondolewa mwezi wa Desemba, si mikono miwili tu iliyopungua. Ni shamba lisilopaliliwa kwa wakati na kundi lisilofika majini. Zaidi ya hayo kijana hakuwa mali ya baba na mama peke yao. Peter Rigby, aliyefanya uchunguzi katika Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo mwaka 1969, alionyesha jinsi ng'ombe wa mahari walivyochangwa na jamaa wa kuumeni na wa kukeni pia, na jinsi mtu mwenye ng'ombe wengi alivyowagawa kwa watu mbalimbali wamtunzie. Maana yake ni kwamba kwa kila kijana palikuwapo watu kadha wa kadha waliofungamana naye kwa ng'ombe: wajomba, baba wadogo, majirani. Hao ndio waliokuwa chama. Hawakuandikwa popote, wala hawakuhitaji kuandikwa, maana kila mmoja alijua ng'ombe wake yuko wapi.

Kusaidiana kwa namna hiyo kuna nguvu kubwa na kuna udhaifu mmoja: hutegemea kwamba shida imempata mmoja, na wengine wamesalimika. Vita vya kwanza vya dunia vilivunja sharti hilo.

Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na reli ikileta biashara huleta pia jeshi. Wajerumani walihitaji wapagazi, ng'ombe na nafaka kwa majeshi yao, nao walivichukua Ugogo kwa kuwa Ugogo ilikuwa njiani. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali van Deventer, yakitoka Kondoa, yaliingia Dodoma. Waliposhika nchi nao wakahitaji wapagazi, ng'ombe na nafaka. Kwa mzazi wa Buigiri au wa Mvumi mabadiliko ya bendera hayakubadili neno hata moja katika amri aliyopewa. Kisha mvua zikakosekana, katika nchi iliyokwisha kunyang'anywa akiba zake zote. Njaa iliyofuata, tangu mwaka 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, jina ambalo wanahistoria wamelifasiri kuwa ni kugombania. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika habari zake mwaka 1990, akadiria kwamba waliokufa katika wilaya ya Dodoma walikuwa kama 30,000 kati ya watu 150,000. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Hapa nawaomba wasomaji, hasa wale wa lugha, watazame majina. Kiswahili cha pwani kilipokea kutoka vita hivyo neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likabaki kuwa jina la mtaa na soko katika Dar es Salaam na Nairobi pia. Kilipokea keya, kutoka herufi za KAR, yaani jeshi la Mfalme la Afrika Mashariki. Katika Unyasa wapagazi waliitwa tengatenga. Yote haya ni majina ya wale waliokwenda. Kigogo kikafanya kinyume: jina lililobaki vinywani si la jeshi wala la mapigano, bali la njaa, yaani la waliobaki nyumbani. Lugha mbili zilisimulia vita vimoja, moja ikisimama kambini, nyingine ikisimama mlangoni mwa tembe. Mtu akitafuta historia ya wazazi wa askari kwa kufuata maneno ya jeshi hatawaona, kwa kuwa wao waliiweka habari yao chini ya jina jingine.

Na jina hilo lina ushahidi mchungu. Kugombania si kusaidiana. Wale wajomba na majirani waliofungamana kwa ng'ombe walikuwa wamechukuliwa ng'ombe wao, na vijana wao pia. Mzazi aliyepelekewa habari ya kwamba mwanawe amekufa njiani, kama alipelekewa, hakuwa na wa kumlilia ambaye hakuwa naye analia. Watu walitawanyika kwenda nchi za jirani na kando ya reli kutafuta chakula. Sidhani kwamba ni haki kulaumu desturi kwa kushindwa mahali ambapo desturi haikuumbwa kufika.

Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza katika vita vya Afrika ya Mashariki hukadiriwa kuwa kama 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mpagazi aliandikwa kwa namba na kwa jina moja au mawili, mara nyingi likiwa limeharibiwa na mwandishi asiyejua lugha yake. Fikiri juu ya karani wa Kiingereza, au wa pwani, anayesikia jina la Kigogo kwa mara ya kwanza katika safu ya watu mia mbili jua likiwaka! Vita vilipokwisha ilibaki mishahara ya wafu ambayo wenyewe hawakupatikana. Jambo hilo lilibishaniwa miaka mingi kati ya makoloni na London, na mwisho serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa fedha hiyo. Mimi naliona hili kuwa ni kosa la tahajia kwanza kabla ya kuwa kosa la fedha. Maana mzazi hawezi kudai mshahara wa mtu ambaye daftarini si mwanawe. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini kufikia 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ile sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni nzuri kuitazama, nayo haina jina la mtu.

Vita vya pili viliikuta nchi iliyobadilika katika jambo moja lenye maana kwetu: kusoma na kuandika. Misheni ya CMS, iliyoanza Mpwapwa katika miaka ya 1870 na kuenea baadaye hata Buigiri na Mvumi, ilikuwa na walimu wa Kiafrika. Katika vita vya kwanza Wajerumani waliwashuku baadhi ya walimu hao kuwa ni wapelelezi wa Waingereza, wakawakamata na kuwafunga. Hivyo wakati ule ule mzazi alipohitaji mtu wa kumsomea, msomaji mwenyewe alikuwa kifungoni. Katika vita vya pili mwalimu alikuwapo. Watu kama 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na wengi walipelekwa mbali: Uhabeshi, Madagascar mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mtu wake wa nyumbani kupitia bomani. Na aliandika barua.

Barua ya askari yastahili kutazamwa na watu wa taaluma yetu kuliko ilivyotazamwa. Iliandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi Kiswahili cha keya, kilichojifunzwa kambini kwa amri na kwa haraka. Ilipitia kwa wakaguzi wa jeshi, kwa hiyo haikutaja mahali wala mapigano. Ilifika kwa mzazi ambaye mara nyingi hakujua kusoma, na pengine Kiswahili chenyewe alikijua cha kununulia chumvi tu. Mwalimu au mwinjilisti aliisoma kwa sauti na kuigeuza kwa Kigogo, mbele ya yeyote aliyekuwapo. Hapa ndipo ninapoona mkutano wa wazazi wa askari, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo. Barua haikuwa siri ya mtu mmoja. Nusu yake ilikuwa salamu: nisalimie fulani na fulani, fulani mwana wa fulani naye awasalimu, hajambo. Wasomi wa siku hizi huziruka salamu hizo kuwa ni maneno matupu ya adabu. Lakini mbele ya wakaguzi wa jeshi salamu ndiyo sehemu pekee iliyoweza kubeba habari. Jina likitajwa, mtu yu hai. Mzazi aliyekosa barua yake mwenyewe aliketi kusikiliza barua ya mwenziwe, akingoja jina la mwanawe lipite. Na jina likikosekana katika salamu za barua mbili tatu mfululizo, wazazi wenziwe walilijua hilo wakati ule ule naye alipolijua, wala hapakuwa na haja ya mtu kumtangazia.

Mwalimu huyo, aliyesimama kati ya lugha mbili, alibeba mzigo ambao hakuna aliyemlipa. Je, alipoona neno zito, aligeuza kama lilivyo, au alilainisha? Sisi twafundisha tafsiri kama elimu ya maneno. Yeye aliifanya akitazamwa machoni na mama. Gazeti la serikali Mambo Leo, lililotoka Dar es Salaam tangu mwaka 1923, lilileta habari za vita, na jeshi lenyewe lilikuwa na gazeti lake la Kiswahili lililoitwa Heshima. Lakini gazeti husema majeshi yamesonga mbele, halisemi ni nani aliyebaki nyuma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu kama 1,300, miongoni mwao askari mamia wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Baharini hakuna kaburi. Katika desturi za bara mtani ndiye mwenye kazi wakati wa msiba: yeye huchokoza waliao na kuwatoa katika huzuni. Lakini kazi ya mtani huanza penye maiti. Pasipo maiti, mtani naye hukaa kimya, na kwa mzazi wa Ugogo aliyezaliwa mbali na bahari ilikuwa vigumu hata kuifikiri hiyo maji iliyommeza mwanawe.

Miaka ya baadaye naipita upesi zaidi. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa keya, na mwezi wa Septemba mwaka ule likaundwa Jeshi la Wananchi, ambalo liliwaandika vijana kutoka umoja wa vijana wa TANU. Hilo lilimbadili mzazi kidogo: mwanawe sasa alikuwa askari wa nchi yake. Badiliko kubwa zaidi Ugogo halikutoka jeshini. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wakikaa kaya mbalimbali zilizotawanyika walihamia vijijini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja Chamwino akafanya kazi pamoja na wanakijiji. Yamesemwa mengi, mema na mabaya, juu ya kuhama kule, na malisho ya ng'ombe kwa hakika yaliharibika karibu na vijiji. Lakini nyumba zilikaribiana, na kila nyumba kumi zikawa na mjumbe wake.

Basi majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mzazi wa Chamwino alikuwa katika hali ambayo babu yake hakuijua. Jeshi lililokuwa na watu wasiofikia 40,000 liliongezeka katika wiki chache hata kupita 150,000, na kama 40,000 kati ya hao walikuwa mgambo, yaani vijana wa vijijini. Watoto wa majirani waliondoka siku moja. Wazazi wao walisikiliza redio moja jioni moja. Vijiji vilichanga ng'ombe na chakula, na safari hii, tofauti na mwaka 1917, vilichanga vyenyewe, ijapokuwa nisingependa kusema kwamba kila mchango ulitolewa kwa moyo mweupe. Mjumbe akigonga mlango si rahisi kukataa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa kwa kazi za chama na za usalama, alijikuta akifanya kazi ya yule mwalimu wa mwaka 1944: kupokea habari, kuchagua saa ya kuipeleka, na kutafuta mama wawili watatu wa kwenda naye. Makanisani umoja wa kina mama ulifanya vivyo hivyo kwa sala na kwa kuteka maji nyumbani kwa aliyefiwa. Wengi wa waliokufa walizikwa Kaboya, katika mkoa wa Kagera, mbali mno na Ugogo kwa mzee asiye na nauli. Siku ya Mashujaa huadhimishwa kila mwaka tarehe 25 Julai, nayo huwataja mashujaa kwa jumla.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania kumi na wanne waliuawa kwa hesabu ya kwanza. Miili ilirudishwa, ikaagwa Dar es Salaam, kisha ikapelekwa kwa jamaa zao ikazikwa kwa heshima. Wakati huu maiti ilifika, na mtani aliweza kufanya kazi yake. Ni tofauti kubwa kuliko wanavyodhani wale wanaohesabu idadi ya wafu peke yake. Lakini simu ya mkononi imeondoa kile kikao cha kusikiliza barua: mwana humpigia mama yake usiku, wakasemezana wao wawili, na jina la mwana wa jirani halipiti tena mbele ya watu. Kama jambo hili limepunguza upweke wa mzazi au limeuzidisha, ni la kuchunguzwa, na lachunguzika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa Taasisi. Wazazi waliokuwa na umri wa miaka arobaini walipowaaga wana wao mwaka 1978 sasa wamekaribia miaka tisini. Wako Mvumi, Handali, Manda, Mpwayungu, Haneti. Waulizwe kwa Kigogo, si kwa Kiswahili, wala wasiulizwe habari za chama, maana watajibu kama nilivyojibu mimi kwamba hakikuwapo. Waulizwe ni nani aliyekuja kuketi nao, alikuja na nini, na walimwita nani.